Chumba Kilichomsubiri Mgeni Rasmi

Mwanangu Editha,

Nakuandikia ukiwa bado wangu kwa siku moja. Umeshuka Kemondo kumuaga bibi yako, na najua hutarudi kabla ya jua kuzama, maana bibi yako hamwachii mtu aondoke mpaka amemlisha mara mbili. Wageni wamekwisha kutawanyika. Uani yamebaki majani ya migomba yaliyokanyagwa, na vibuyu vya rubisi vimelala ubavu, vitupu, pombe ya ndizi yote imenywewa. Nimejifungia ndani asije jirani mwingine kunisifu. Leo nimesifiwa vya kutosha.

Habari za kuchemsha maji ya kunywa, kufua soksi na kuchagua marafiki sitaziandika. Umezisikia kwangu tangu unatambaa, na zile nilizosahau shangazi yako wa Mwanza atazimalizia, yeye hachoki. Nakuandikia kwa Kiswahili changu cha darasa la nne, ambacho mwalimu wetu alisema hakuna msichana wa upande huu wa ziwa aliyekiandika kwa mwandiko mzuri kama wangu. Unajua mimi sijidharau. Wenzako huko chuoni waonyeshe bahasha, waambie huu ni mwandiko wa mama yangu, muuza chumvi. Bahasha tu. Ya ndani ni yako.

Leo baada ya Misa ulisimama pale uani, umevaa gauni lile la buluu nililokushonea mimi mwenyewe, ukasema mbele ya watu wote: "Nakwenda kusomea ukunga kwa sababu ya mama yangu. Mama yangu ndiye aliyejenga chumba cha wazazi cha kijiji hiki." Watu wakapiga makofi. Mzee mmoja akasema, "Huyo ndiye mtoto!" Nami nikainamisha kichwa kama mwanamke mnyenyekevu, kitu ambacho unajua mimi siyo.

Ila nilimwona Leokadia. Alikuwa amekaa kwenye mkeka wa nyuma na mumewe Paskali. Wewe unamjua kama jirani yetu wa ng'ambo ya kibanja chetu cha migomba, yule anayekuletea ndizi mbivu na kuishia kizingitini, haingii ndani hata mvua ikinyesha. Umewahi kuniuliza kwa nini haingii, nikakuambia ni aibu zake tu. Alipiga makofi, Editha. Alipiga polepole, na wengine walipoacha yeye akaendelea kidogo, pa, pa, pa, macho yake yakiwa kwangu. Kisha akaokota kanga yake akaondoka kabla ya chakula.

Chumba kile sikukijenga mimi. Na nililolifanya mimi hakuna aliyekuambia, kwa sababu mwaka ule hukuwapo. Kifua kilikuwa kinakusumbua na baridi ya huku mlimani, tukakupeleka Ngenge kwa mama yako mkubwa, kwenye joto. Uliporudi mambo yalikuwa yamekwisha, na watu wa kwetu hawasemi mambo ya namna hiyo mbele ya mtoto. Sasa umekuwa mkubwa. Nitasema mimi.

Nianze dukani. Duka letu la ushirika wewe umelikuta limeshazeeka, lakini ungeliona wakati Uhuru ungali mbichi! Kabla yake chumvi na mafuta ya taa tulivifuata Kemondo kwa miguu. Tukajikusanya wanawake wa Misa na wanawake wa Kilutheri, tulichotofautiana ni nyimbo tu, tukafungua duka letu wenyewe. Mimi nilikaa mezani. Hakuna aliyenishinda kukunja karatasi ya chumvi isimwagike hata punje. Gunia la sukari lililoingia unyevu nililijua kwa kunusa, kabla halijashushwa kwenye lori. Watu walitoka hadi Muleba kuja kuangalia wanawake wanaoendesha duka, na mimi niliwapokea kama vile nimelizaa.

Magunia ndiyo yaliyoanzisha yote. Sukari ilikuja kwa magunia, mchele kwa magunia, na msimu wa kahawa ukifika kila mwenye kibanja alitafuta gunia kama anayetafuta mchumba. Mwanzoni tuliyagawa matupu kwa kujuana, shemeji wa huyu, binamu wa yule, na kila mara ugomvi. Siku moja tumekaa nyuma ya duka tunayakung'uta, vumbi la sukari limetujaa kwenye nywele, Leokadia akasema, "Jamani, haya magunia yanatugombanisha bure. Tuyauze kwa wote sawasawa, na kitakachopatikana tusikile. Kiwe cha jirani."

"Jirani yupi?" nikamwuliza.

"Yeyote atakayekwama."

Nikacheka. "Wewe mwanamke, majirani zako wewe hawakwami, wanakwamisha."

Wengine walikubali, na hivyo ndivyo ulivyozaliwa Mfuko wa Magunia. Ulitoka kinywani mwa Leokadia. Lishike hilo kwanza, maana kwa miaka kumi nimewaambia watu, wewe ukisikia, kwamba wazo lilikuwa langu. Nimelisema mara nyingi mpaka nikaanza kukumbuka mahali nilipokuwa nimesimama nilipolipata.

Walinichagua mimi kuwa mwenyekiti wa mfuko. Nilijua kuandika, nilijua kusema, na tuseme kweli, nani angenizuia? Tulianza na chemchemi, tukaijengea kwa saruji ili ng'ombe wasiikanyage. Tukanunua madawati. Magunia yaliyochanika, ambayo hayakuuzika, Leokadia aliyaunganisha kwa sindano kubwa akatengeneza machela ya kubebea wagonjwa, imara kabisa. Mwanamume mnene alilala juu yake kuijaribu, tukambeba tukizunguka duka huku tunamwimbia nyimbo za msiba, naye anapiga kelele, "Nishusheni, sijafa!" Tulicheka siku ile, Editha. Nilikuwa na marafiki.

Halafu tukasema tujenge chumba cha wazazi. Zahanati yetu ilikuwa kibanda cha dawa tu. Wanawake walizalia nyumbani, na mambo yakiharibika walibebwa kwa machela hadi hospitali ya misheni, mwendo wa nusu siku. Mawe tuliyapata mlimani. Mchanga tuliubeba kichwani kutoka ziwani, pale Kemondo, tukipandisha kilima kile unachokijua. Leokadia aliubeba akiwa ameanza mimba, baada ya miaka mingi ya kungoja. Tulimkataza, akatujibu, "Nabeba sakafu ya mwanangu, mniache."

Mimi sikubeba mchanga. Mimi nilisimamia. Nilitaka madirisha ya vioo, na nondo juu ya vioo. Nilitaka mlango wa mvule, na kitasa kipya kutoka Bukoba chenye ufunguo mrefu unaong'aa. Vyote nilivipata. Watu walipita njiani wakasimama kuangalia. Blanketi ndogo za watoto tulizikunja tukazipanga juu ya kabati, za pinki na za manjano, kiasi kwamba ukichungulia dirishani ndizo za kwanza kuziona. Niliziweka pale kwa makusudi.

Kazi ilipokwisha, nikawaambia wenzangu kwamba chumba kama hiki hakifunguliwi kimyakimya kama banda la mbuzi. Tumwite mkubwa kutoka mjini awe mgeni rasmi, akate utepe, asome risala. Risala ningeiandika mimi. Walikubali. Mkubwa naye akakubali, akataja siku. Tukafyeka, tukatandaza nyasi mpya sakafuni, tukapika, tukapanga watoto wa shule mistari miwili. Ikaja habari kwamba gari limeharibika. Akataja siku ya pili. Tukafyeka, tukatandaza, tukapika. Ikaja habari kwamba amesafiri. Akataja siku ya tatu, baada ya wiki tatu.

Wakati wote huo chumba kilikuwa kimekamilika, Editha. Kitanda ndani, godoro ndani, taa ndani. Mkunga wetu Teodosia, yule mama mrefu aliyestaafu ukiwa darasa la sita, alikuwa amehamishia humo vyombo vyake vyote ili mgeni avikute vimepangwa. Ufunguo nilimwachia yeye. Siku moja nikaingia nikakuta sufuria lake la ndizi liko juu ya godoro jipya. Nilimfokea mpaka watu wakakusanyika. Nikamnyang'anya ufunguo, nikaufunga kwenye pindo la kanga yangu.

"Hapa hapafunguliwi tena mpaka siku ya mgeni," nikasema.

"Mama Editha, na mtu akishikwa na uchungu kesho?"

"Wamezalia nyumbani tangu enzi za bibi zetu. Watashindwa na wiki tatu?"

Maneno hayo nimeyaandika, nikayafuta, nikayaandika tena. Ndivyo nilivyosema. Na Leokadia alikuwapo, mimba yake imekuwa kubwa, amejishika kiuno. Alitaka kuondoa ubishi, akatania, "Mwacheni na mgeni wake. Mimi ndiye nitakayekizindua chumba hiki kabla ya huyo mkubwa."

"Jaribu uone," nikamjibu, "nitakukata wewe badala ya utepe."

Tukacheka wote. Hata Teodosia alicheka.

Alhamisi ya wiki ya mwisho nilikwenda Bukoba kutafuta utepe mwekundu na mkasi mzuri. Nilipanda basi la asubuhi, na ufunguo ukiwa kwenye pindo langu. Ningeweza kumwachia mtu. Niliwaza hilo nikiwa kizingitini kwetu, nikasema watachafua.

Saa nne hivi Leokadia akashikwa na uchungu, mapema kuliko ilivyotarajiwa. Walimbeba kwa machela yake mwenyewe aliyoishona. Walipofika mlangoni, Teodosia akakumbuka kwamba mkasi wake, nyuzi zake, mashuka yake, vyote viko ndani. Mvua ilikuwa inanyesha ile ya kwetu isiyo na haraka. Walimlaza barazani. Walichungulia dirishani wakaziona zile blanketi. Kila aliyekuwapo aliziona.

Paskali alikwenda kuleta sururu auvunje mlango. Aliinua. Watu wakamshika mikono. Unajua walimwambia nini? "Usiharibu mlango wa Mama Editha, atatutoa roho. Atarudi na basi la saa nane." Hawakumwogopa mkubwa, hawakumjua. Waliniogopa mimi. Mtu niliyewauzia chumvi, niliyewapakata watoto wao. Paskali akaweka sururu chini, akakimbia hadi barabarani kungoja basi, ili nikishuka tu auchukue ufunguo apande nao mbio.

Basi likafika. Sikuwamo.

Kesho yake niliporudi niliwaambia watu basi lilijaa. Lilikuwa neno la kwanza kutoka kinywani mwangu, hata sijaulizwa. Baba yako anaamini hivyo. Padre niliyeungama kwake anaamini hivyo, kwa maana niliungama kiburi, sikuungama basi. Haya, basi halikujaa. Sijui hata kama lilijaa au halikujaa, kwa sababu sikufika stendi. Utepe nilikuwa nimekwisha kuununua mapema. Nilikuwa Kitendaguro, hukohuko Bukoba, kwa binamu yangu Salome, nakunywa chai, namhadithia madirisha ya vioo. Salome akasema, "Jambo kubwa hivyo bila mpiga picha? Twende nikupeleke kwa mmoja namjua." Niliangalia jua. Nilijua kabisa ni saa ya basi. Nikasema moyoni, liende, nitalala huku. Saa ambayo Paskali alikuwa amesimama barabarani na mvua, mimi nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha mpiga picha, namwuliza kama ni afadhali nisimame kulia kwa mgeni au kushoto.

Huku nyuma Paskali alikuwa amerudi, ameinua tena sururu, nao wakamshika tena wakisema huenda natafuta lori, nitafika usiku huohuo. Mtoto alizaliwa jioni, palepale barazani, mdogo, amepoa. Teodosia alimfungia ndani ya sweta yake kifuani, ngozi kwa ngozi, akakaa hivyo usiku kucha akimpulizia. Kabla ya mapambazuko mtoto akanyamaza. Leokadia alipona. Hakupata mwingine.

Niliposhuka kwenye basi kesho yake, utepe mkononi umefungwa kwenye karatasi, niliwaona wanawake wamekaa kwenye nyasi mbele ya chumba. Hakuna aliyenitukana. Ningeshukuru kutukanwa. Teodosia alinyoosha mkono tu, nikafungua pindo, nikampa ufunguo. Akaingia, akachukua blanketi moja ya manjano, akatoka nayo. Ndiyo waliyomzikia.

Baada ya mazishi, asubuhi, nikasikia kishindo uani. Paskali alikuwa ameung'oa ule mlango wa mvule kwenye bawaba zake, ameubeba kichwani mtaa mzima, ameubwaga mbele ya nyumba yetu. Alijifuta shingo, akaenda zake. Baba yako, ambaye unajua maneno yake ni ya kuokoteza, aliutazama, akasema, "Tuuingize ndani, utaloa." Mwezi mzima ulisimama ukutani. Kuuchoma niliona aibu, kuutupa niliona uchungu, kuurudisha nani angeupokea? Mwishowe baba yako akaupigilia miguu minne.

Ndiyo meza uliyosomea, Editha. Lile tundu la pembeni ulilokuwa ukichomeka penseli, ukaniuliza kwa nini meza yetu ina tundu, nikakujibu kwamba fundi alikosea, ni tundu la kitasa. Juu ya mlango huo umejifunza kusoma. Juu ya mlango huo umejaza fomu za chuo. Nami naandikia juu yake sasa hivi.

Mkubwa hakuja hata siku ya tatu. Alituma karatasi kusema tuendelee tu bila yeye. Ilikuwa mistari miwili, ya heshima kabisa. Nimekaa nayo miaka kumi nikijiuliza, tulihitaji karatasi ile ya nini?

Chumba kilianza kazi bila utepe na bila mlango, kwa pazia tu, kama unavyokijua. Wanawake wa duka wakakutana, wakaniambia kwa maneno laini sana kwamba nimechoka, nipumzike uenyekiti. Maneno laini ya wanawake wa kwetu unayajua, yanakata kuliko panga. Nikabaki muuza chumvi. Mfuko uliendelea bila mimi, tena vizuri kuliko nilipokuwapo, jambo lililoniuma zaidi ya yote. Mwaka huu vyama vya ushirika vimevunjwa na duka limekuwa la kijiji. Juzi nilipita nikaona magunia matupu yamelundikwa nyuma, panya wanayala, na hakuna aliyekumbuka kwamba yaliwahi kumzalisha mtu.

Hapa kijijini nilinyamaza. Lakini nikienda Muleba kwa ndugu, nikienda Bukoba, midomo ilinifunguka. "Kwetu tumejenga chumba cha wazazi. Mimi ndiye nilikuwa mwenyekiti." Watu wa mbali hawana jicho la kukuangalia. Na wewe ulikuwa ukinisikia, mtoto mdogo umekaa pembeni na kikombe cha uji. Kuhusu chumba sikukudanganya ana kwa ana. Nilikuacha usikie. Ukakua na mama huyo wa hadithi, ukampenda, ukamfuata mpaka kwenye ukunga. Leo umemsimamisha mbele ya Leokadia, akampigia makofi.

Mimi najivuna, ndivyo nilivyoumbwa, hata sasa najivuna kwamba mtoto wa muuza chumvi anapanda meli kesho na sanduku lake. Sikuombi uwe mpole kuliko mimi. Una damu yangu, utapenda kusifiwa, nimekuona. Nakuambia tu nilichokiona kwangu: kutaka kushukuriwa kulinijia nikiwa nafanya kazi nzuri kabisa, mchana kweupe, nikiwa nimevaa kanga safi. Hakukuja na sura mbaya. Tamaa hiyo ingekuja nayo, ningeitambua nikaifukuza.

Nimefika hapo nikashindwa kufunga bahasha. Nimemwandika mtu kurasa nzima bila kumwuliza. Nimeikunja barua nikaenda nayo kwa Leokadia.

Nimerudi sasa hivi. Ngoja niandike upesi, maana nikitulia nitaanza kupamba.

Nilimkuta anamenya ndizi mlangoni kwake. Paskali alikuwa anageuza kahawa kwenye mkeka. Nilikuwa sijakanyaga pale miaka kumi.

"Karibu, Mama Editha," akasema, kama vile nilikuja jana.

"Nimemwandikia mtoto. Nimeyaandika yote. Nataka uyasikie kwanza."

Alitazamana na Paskali. "Soma, waitu, mwenzetu."

Nikasoma nimesimama. Hawakunikatiza. Kisu chake kiliendelea kumenya. Nilipofika kwenye basi, nikasoma kwa kunong'ona, na nikasikia Paskali ameacha kugeuza kahawa. Nilipomaliza, Leokadia akasema, "Lilikuwa na viti vitupu."

"Nini?"

"Basi. Paskali alilisimamisha, akaingia mpaka nyuma kukutafuta. Viti vilikuwa vitupu. Nyuma kulikuwa na mama mmoja na kuku wake, basi."

"Mlijua?"

"Tangu siku ileile."

"Miaka yote hii! Na hamkusema?"

"Tungesema nini?" Leokadia akachukua ndizi nyingine. "Ungetafuta uongo mwingine. Tuliona bora tubaki na huo, tumeshauzoea."

Mawe! Mama yangu wee, Editha. Nimekaa miaka kumi nikiulinda uongo ambao hakuna aliyeuamini isipokuwa watu wa nyumbani mwangu.

Niligeuka niondoke. Akaniita. "Hujaandika jina lake."

"La nani?"

"La mwanangu. Nimesikiliza. Umeandika mtoto, mtoto. Blanketi umeiandika rangi yake. Mlango umeuandika mti wake. Hata mji ulimokunywa chai umeutaja jina. Mwanangu alikuwa na jina. Mama mkwe alimpa pale barazani, mwanangu angali hai."

Sikuwa nalijua. Nilikuwa sijawahi kuuliza. Sikujua hata kama alikuwa wa kiume au wa kike, na nilikuwa mazishini.

Akaniambia. Kisha akafuta mikono kwenye kanga, akasimama karibu yangu, akasema, "Liandike hapahapa, nikuone." Leokadia hajui kusoma. Paskali alileta ubao wa kukatia majani nikauegemeza magotini. Niliandika polepole, kwa ule mwandiko wangu, na yeye akifuata kalamu kwa macho. Nilipomaliza akaweka kidole juu ya wino, haujakauka, ukamshika kidoleni. Akakiangalia kidole.

"Mwambie Editha kesho asishuke kwa njia ya chini," akasema. "Apite hapa."

Hakusema apite kufanya nini, nami sikuuliza. Barua hii utaikuta juu ya meza utakaporudi, usome kabla hujalala. Kesho asubuhi njia zitakuwa mbili, na mimi sitakusindikiza hata moja. Nitakuwa ndani. Ukirudi siku moja kutoka huko, ukiwa umesoma haya, ukaniita mama kama zamani, nitafurahi. Ukichelewa kuniita, nitangoja. Wengine nimewangojesha zaidi.

Ile karatasi niliyoandika kwa Leokadia ndiyo hii hapa chini, nimeiunganisha kwa pini. Alama ya wino iliyosambaa pembeni ni ya kidole chake, si uchafu.

Alikuwa wa kike. Alizaliwa Alhamisi jioni, akaishi mpaka karibu na mapambazuko. Jina lake Kemilembe.

Mimi mama yako Anastela, niliyekuwa na ufunguo.